Geji Hazisomeki Usiku: Pima Umeme Kabla ya Kununua Balbu

Geji tatu zimefungwa kwenye nguzo ya kioo cha mbele cha Land Cruiser: presha ya tabo, joto la moshi wa ekzosi na presha ya oili. Mchana zinasomeka bila shida. Jua likizama, dashibodi ya kiwandani inawaka vizuri, lakini zile tatu zinabaki na wekundu uliofifia, na mshale hauonekani mpaka dereva azisogelee kwa uso. Mwenye gari anakwenda dukani kutafuta balbu kali zaidi. Anazifunga, mwanga unaongezeka kidogo, na baada ya muda uso wa geji unaanza kujikunja kwa joto.

Balbu ya kwanza haikuwa na kosa. Umeme uliokuwa ukiifikia ulikuwa pungufu, na upungufu huo bado upo palepale.

Hilo ndilo ninalotaka lieleweke kabla ya kushika bisibisi. Geji nyingi za kuongezea zinazofifia usiku zimefifia kwa sababu ya jinsi zilivyounganishwa: ethi mbovu (njia ya umeme kurudi kwenye betri), kiungio kilichooza, au waya uliochukuliwa mahali pasipofaa. Ukirekebisha hayo, balbu ileile ya zamani mara nyingi inatosha. Usiporekebisha, utanunua balbu kila mwaka.

Na si suala la urembo. Injini ya 1HZ, ambayo imejaa kwenye Land Cruiser za Afrika Mashariki, ilitoka kiwandani bila tabo. Anayeiongezea tabo anahitaji kujua moshi una joto kiasi gani anapopanda mlima na mzigo, kwa kuwa pistoni huyeyuka kabla geji ya maji haijasogea hata kidogo. Dereva anayepanda mlima Kitonga saa nane usiku ana sekunde moja tu ya kuangalia kando. Geji asiyoweza kuisoma katika sekunde hiyo haimsaidii kitu.

Mwanga hupungua upesi kuliko volti

Balbu ya waya wa moto haipungui mwanga sawasawa na umeme. Balbu iliyoandikwa volti 12 hutengenezwa kufanya kazi kwenye volti 13.5 hivi, yaani umeme wa gari lililowashwa. Ikipata 12 badala ya 13.5, mwanga wake unashuka hadi kama theluthi mbili. Ikipata 11, unabaki karibu nusu. Ikipata nusu ya volti zake, mwanga haufiki hata sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo upotevu wa volti mbili na nusu, ambao huenda usingeuona kwenye feni wala kwenye honi, unakunyang'anya nusu ya mwanga wa geji.

Volti hizo zinapotelea wapi? Wengi hulaumu wembamba wa waya. Piga hesabu: geji nne zenye balbu za wati 3 kila moja zinatumia wati 12, yaani ampia moja tu. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 wenye urefu wa mita mbili hupoteza pungufu ya sehemu moja ya kumi ya volti kwa mzigo huo. Unene wa waya hauna kesi hapa. Lakini kiungio kimoja kilichosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu, kikaingia unyevu na kuota kutu ya kijani, kinaweza kuwa na ukinzani wa omu mbili. Kwa ampia hiyo moja, hapo volti mbili zimekwisha. Kwa magari ya Tanga, Mombasa na Unguja, ambako hewa ina chumvi, mimi huanza msako kwenye viungio na kwenye ethi kabla ya kitu kingine chochote.

Dalili unazoweza kuzisoma bila kifaa

Kwanza kabisa zungusha kitufe cha dima, kile cha kupunguza na kuongeza mwanga wa dashibodi, hadi mwisho wake. Inaonekana jambo dogo, lakini kitufe hicho hugeuzwa na mkono wa mwosha gari au mtoto, na mwenye gari hana habari. Kwenye magari ya zamani kizungushe mbele na nyuma mara nyingi. Ndani yake kuna kigusio kinachoteleza juu ya waya wa ukinzani, na kikikaa miaka mahali pamoja hushika uchafu.

Kisha washa taa, geji ziwake, ukanyage breki. Washa indiketa. Mwanga wa geji ukifuata mdundo wa indiketa, au ukishuka kila unapokanyaga breki, ethi ina matatizo: umeme unaorudi kutoka vitu kadhaa unasongamana kwenye njia moja nyembamba. Dalili ya pili ni kubwa zaidi. Angalia mshale wa geji ya joto au ya mafuta, washa taa, angalia tena. Mshale ukisogea kwa kuwasha taa tu, basi taa na geji yenyewe zinashiriki ethi moja mbovu, na kumbe hata mchana usomaji wako unategemea ethi hiyohiyo. Hapo suala la mwanga limekuwa la pili, geji inakudanganya.

Geji ikiwaka hafifu hata taa za gari zikiwa zimezimwa, umeme unaipitia kwa njia ya kuzunguka, nyuma ya kitu kingine. Hiyo nayo mara nyingi hutokana na ethi.

Geji zote zikififia kwa kiwango kimoja, tafuta sehemu zinayoshiriki pamoja. Ikififia moja tu, tafuta kwenye soketi yake na balbu yake. Zikiwa mbili ambazo zote ni hafifu sana, na ukichomoa balbu ya moja nyingine inazimika, basi zimeungwa kwa mfuatano: umeme unapita kwenye ya kwanza ndipo ufike ya pili. Kila moja inapata nusu ya volti. Zitenganishe, kila moja ipate waya wake wa moto na ethi yake, na mwanga utarudi papo hapo.

Pima taa ikiwa inawaka

Hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Wanachomoa balbu, wanaweka mita kwenye soketi, wanasoma volti 12.6, wanasema umeme upo. Kipimo hicho hakina maana. Mita hainywi umeme, hivyo hata kiungio kilichooza kitaipitishia volti zote. Ni pale balbu inapowaka na umeme ukalazimika kutiririka ndipo kiungio kibovu kinapozila volti. Pima balbu ikiwa inawaka, au usipime.

Soketi nyingi za geji hutoka kwa kuzizungusha robo mzunguko kinyume cha saa, kwa nyuma. Itoe na nyaya zake, balbu ikibaki ndani yake na ikiwaka. Kwenye balbu ndogo za kuchomeka, nyuzi mbili za waya zimekunjwa nje ya kitako. Hapo ndipo unapogusa. Baadhi ya geji zina waya mmoja tu wa taa na hupata ethi kupitia mwili wa chuma wa geji. Hizo usizitoe. Pima kwenye mwili wa geji balbu ikiwa mahali pake.

Washa injini, washa taa ndogo, dima ikiwa juu kabisa. Weka mita kwenye volti za betri, kiwango cha 20. Utahitaji waya mrefu wa kuongezea ncha ya mita ifike kwenye betri. Uwe mwembamba upendavyo, haileti tofauti.

Ncha nyeusi iwe kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye upande wa ethi wa balbu. Unachosoma ni volti zinazopotea njiani zinaporudi. Ethi nzuri husoma karibu na sifuri. Ikizidi 0.2, kuna kazi ya kufanya. Nikiona volti nzima hapo siendelei na kitu kingine mpaka niimalize. Sasa ncha nyekundu kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye upande wa moto wa balbu. Huu ni upotevu wa kwenda. Hadi 0.5 navumilia, maana umeme huo umepita swichi, fyuzi na plagi kadhaa. Zaidi ya hapo, fuata waya hatua kwa hatua kuelekea betri ukipima kila kiungio, mpaka ufike mahali ambapo kipimo kinashuka ghafla. Kosa liko kati ya sehemu hiyo na ile uliyotoka kuipima.

Jumla ya vipimo hivyo viwili ndizo volti ambazo balbu inalidai gari lako.

Kuijenga ethi upya

Kabla ya kugusa waya wowote, toa tamino ya hasi ya betri. Kama gari lina mifuko ya hewa ya usalama, subiri angalau sekunde 90 baada ya kutoa tamino, na plagi za njano pamoja na nyaya zinazoambatana nazo usiziguse kabisa, usizipime, usichukue umeme humo. Kwenye magari yenye mfuko wa hewa ndani ya nguzo ya kioo cha mbele, usifunge geji kwenye nguzo hiyo. Tafuta mahali pengine.

Geji zilizo kwenye kikombe cha plastiki hazina ethi yoyote ya asili. Fundi aliyezifunga alilazimika kuipata mahali, na mara nyingi alichagua skrubu ya karibu: ya redio, ya mabano ya chuma yaliyopakwa rangi, au iliyoingia kwenye plastiki. Iache hiyo. Tafuta boliti ambayo kiwanda chenyewe kimeitumia kwa ethi; nyingi ziko chini ya dashibodi, pembeni karibu na miguu, nyuma ya kifuniko cha plastiki kilicho jirani na mlango. Utazijua kwa tamino za duara zilizobanwa kwenye bodi tupu. Fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, weka tamino yako ya duara, kaza, kisha pakaza grisi juu yake ili hewa na maji visifike. Grisi ije baada ya kukaza. Usipoiona boliti ya kuaminika, peleka waya moja kwa moja hadi hasi ya betri. Hakuna ubaya wowote.

Na hili nalisisitiza: ethi ya taa na ethi ya geji yenyewe ziende kwa nyaya mbili tofauti, hata kama zinakutana kwenye boliti moja. Umeme wa balbu usipite kwenye waya ambao geji inautegemea kupimia.

Viungio vya kusokota na tepu vikate vyote. Gundi ya tepu huyeyuka dashibodi inapochomwa na jua, tepu inafunguka, unyevu unaingia. Vile vibano vya plastiki vinavyotoboa ganda la waya ili kuchukua umeme navyo vitoe, kwa kuwa hukata baadhi ya nyuzi na kuacha jeraha linaloota kutu. Badala yake bana tamino kwa koleo lake maalumu au tia lehemu, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Lehemu ina udhaifu mmoja kwenye barabara zetu za vumbi na mabonde: waya hukakamaa pale lehemu inapoishia, na mtikisiko huukata hapohapo. Funga waya kwa kamba ya plastiki karibu na kiungio usichezecheze.

Kuna vitu viwili ambavyo huruhusiwi kuvifanyia haya. Bomba jembamba la shaba linalotoka kwenye geji ya joto ya kimekanika lina kimiminika ndani, na ukilikata au kulivunja geji imekufa. Na waya wa sensa ya joto la moshi hutengenezwa kwa madini maalumu. Ukiurefusha kwa waya wa kawaida wa shaba, geji itasoma uongo.

Umeme wa taa unatoka wapi

Ukishaijenga ethi na bado upande wa moto unapoteza volti, angalia umeme ulichukuliwa wapi. Kwenye Toyota nyingi za zamani dima haiko upande wa moto. Balbu zote za dashibodi zinapata chanya kamili, na ni njia yao ya kurudi inayopita kwenye dima. Fundi anayechukua nyaya zote mbili kutoka taa ya kiberiti cha gari au ya swichi za eyakondishena amezipitisha geji zako kwenye dima iliyotengenezwa kwa balbu chache za kiwandani. Mzigo umezidi, dima inapata moto, na dashibodi nzima inafifia pamoja na geji mpya. Ukichukua chanya hapo na kupeleka hasi kwenye bodi, geji zitawaka kwa nguvu zote lakini dima haitazitawala. Kwenye magari mapya dima hukatakata umeme haraka kuliko jicho linavyoweza kuona, na mita husoma wastani tu, labda volti sita au nane. Usidhani waya umeoza.

Rangi za waya zisikutawale. Gari lililopita mikono ya mafundi wanne halina tena rangi za kiwandani. Pima.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme. Umeme unatoka kwenye betri, unapita fyuzi ya ampia 3 au 5 iliyofungwa karibu kabisa na betri, unaingia mguu wa 30 wa rilei. Mguu wa 87 unakwenda kwenye taa za geji. Mguu wa 86 unapata waya mmoja mdogo kutoka mstari wa taa ndogo, na wa 85 unakwenda ethi. Ukiwasha taa ndogo, rilei inagonga na geji zinapata umeme wa betri bila kupitia swichi chakavu wala dima ya kiwandani. Jambo moja tu: ule waya wa 86 uchukue kwenye mstari wa taa ndogo usiopita dima. Ukiuchukua baada ya dima, rilei itatetemeka na kuunguza vigusio vyake. Ukitaka kupunguza na kuongeza mwanga, weka kati ya 87 na geji kidhibiti kidogo kama vile vinavyouzwa kwa ajili ya mikanda ya taa za LED.

Kwenye Fuso, Scania na malori mengine ya volti 24 kuna mtego wake. Geji nyingi za kuongezea ni za volti 12, na watu huchukua 12 kutoka katikati ya betri mbili. Betri moja inafanya kazi zaidi kuliko mwenzake, chaji inakosa uwiano, na zote mbili hufa mapema. Funga kibadilishi cha 24 kwenda 12, au tafuta geji za 24. Na kwa kuwa maduka ya vipuri ya Gerezani na Kirinyaga Road yanauza balbu za aina zote mbili kwenye visanduku vinavyofanana, soma maandishi madogo kwenye kitako. Balbu ya 24 kwenye gari la 12 itawaka, ila kwa mwanga usiofaa kitu, na mtu atazunguka wiki nzima akitafuta kosa kwenye nyaya.

Sasa balbu

Umeme ukiwa mzima, ndipo balbu zihukumiwe. Itoe uitazame dhidi ya mwanga wa dirisha. Kioo kikiwa na weusi ndani, waya wake wa tungsteni umekuwa ukivukiza na kujipaka kwenye kioo. Imezeeka, ibadilishe kwa nyingine ya wati zilezile. Wati zilezile nasema. Geji iliyotengenezewa balbu ya wati 1.2 au 3 ikiwekewa ya 5, joto halina pa kutokea. Soketi inalainika, karatasi ya uso wa geji inajikunja, mshale unakwama.

Geji nyingi za aina ya kimarekani huja na kofia ya mpira, nyekundu au ya kijani, inayovishwa juu ya balbu. Kofia hizo hula mwanga mwingi, na baada ya miaka ya joto hukakamaa na kuwa nyeusi. Kuivua tu kunaweza kumaliza shida yako. Hakikisha kioo cha balbu hakigusi plastiki.

Taa za LED za kuchomeka kwenye soketi ileile ni chaguo zuri, mradi uchague kwa akili. Zina upande: isipowaka, itoe uigeuze. Balbu ya kawaida humwaga mwanga pande zote, lakini LED ya bei rahisi huutupa mbele tu, na ukiifunga kwenye geji ambayo mwanga wake huingia kwa pembeni utapata doa kali sehemu moja na giza kwingine. Tafuta ile yenye vipande vya mwanga kuzunguka mwili wake wote. Zile zinazotangazwa kuwa zinazuia onyo la balbu mbovu kwenye magari ya Ulaya achana nazo humu. Zina vikinza vinavyotoa joto bila sababu.

Rangi inadai uangalifu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kama uso wa geji una kichujio cha kijani, LED ya kijani itapita karibu yote, nyeupe itachujwa sehemu kubwa, na ya buluu haitaonekana vizuri. Halafu kuna mshale. Mshale mwekundu unahitaji mwanga wenye wekundu ndani yake ili uonekane mwekundu. Chini ya LED ya buluu mshale huo huwa mweusi, na umefunga taa kali iliyokuficha kitu pekee ulichotaka kukiona. LED nyeupe yenye ubaridi wa buluu nayo ina wekundu mchache; chagua nyeupe ya joto.

Ujue pia kwamba LED hainywi umeme mwingi, miliampia ishirini au zaidi kidogo. Dima ya zamani ya waya wa ukinzani haiwezi kuishusha taratibu. Utazungusha kitufe na isibadilike, kisha izimike ghafla. Ndiyo sababu nyingine ya kuwa na kidhibiti chake.

Geji zenye uso unaowaka wenyewe, mwembamba kama karatasi, ni suala jingine. Zina kisanduku kidogo kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa mawimbi wa volti mia hivi, na ndicho kinachotoa mlio mwembamba ukisikiliza. Uso huo huchakaa kadiri unavyowaka. Ukishafifia haurudi, na kuupandishia umeme kunauua haraka zaidi, pamoja na kukupiga shoti wewe. Badilisha uso au geji.

Geji za kielektroniki za LED zina kosa lake la kipekee: waya mmoja uliotengwa kwa ajili ya kuziambia kuwa ni usiku. Ukipata umeme, geji hujipunguza mwanga makusudi. Fundi aliyeunga waya huo kwenye swichi ya ufunguo badala ya taa ndogo ameifanya geji iamini kuwa ni usiku siku nzima. Hamisha waya huo kabla ya kurudisha geji dukani. Aina nyingine zina kiwango cha mwanga ndani ya mipangilio yake, kinachobadilishwa kwa vitufe vya mbele. Karatasi ya maelekezo ina hatua zake.

Kioo kilichochakaa kwa vumbi la kitambaa cha kuoshea gari nacho hutawanya mwanga. Kisafishe kwa kitambaa laini chenye unyevu. Dawa ya kung'arisha plastiki huondoa mikwaruzo midogo.

Kiasi gani kinatosha

Usirekebishe mwanga gereji chini ya taa. Toka nje ya mji usiku, simama pembeni mahali salama, zima kila mwanga ndani ya gari, na uyape macho muda. Jicho huchukua dakika ishirini hadi thelathini kuzoea giza kikamilifu. Punguza mwanga wa geji hadi mshale usomeke kwa kutupia jicho mara moja, basi. Ukiona sura ya geji imejichora kwenye kioo cha mbele au kwenye dirisha la pembeni pale unapotazamia kioo cha nje, bado umezidisha, maana mtu anayetembea ukingoni mwa barabara bila tochi atapotelea ndani ya mng'ao huo. Mwanga mwekundu na wa rangi ya chungwa huyaacha macho yakiwa na uwezo zaidi wa kuona gizani kuliko mweupe au wa buluu, na kwa dereva wa safari za usiku ningechagua hizo bila kusita.

Mwisho, injini ikiwa inaunguruma, washa taa kubwa, waipa, feni, indiketa na breki kwa pamoja, huku macho yako yakiwa kwenye mishale. Mwanga usicheze na mshale usisogee hata chembe. Kisha shika karatasi, andika fyuzi ya geji iko wapi, rilei iko wapi na ethi imefungwa boliti gani, uibandike ndani ya kifuniko cha kisanduku cha fyuzi. Fundi atakayefungua dashibodi hiyo baada yako, huenda barabarani na tochi mdomoni, ataanzia hapo.